Yuan 5 ya Jeshi la Udongo (1984): densiti inakuja 10.04. Ni fedha au nimepigwa?

#1 Mzani Mdogo
Wakuu, salaam. Sarafu iliyo mezani ni ya China, yuan 5, mwaka 1984, yule askari wa udongo aliyepiga goti. Inavyotakiwa kuwa: gramu 22.22, kipenyo milimita 36, fedha 900, yaani asilimia 90 fedha na iliyobaki shaba. Hii yangu ina gramu 22.18, kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo na unene) inasema 36.0, sumaku haiishiki. Hadi hapo shwari.

Kimbembe ni majini. Glasi ya maji juu ya mizani, nikairudisha sifuri, nikaning'iniza sarafu kwa uzi ikazama yote bila kugusa chini wala ubavu. Mizani ikasoma 2.21, yaani gramu za maji yaliyosukumwa, sawa na ujazo wa sarafu kwa mililita. Ukigawa 22.18 kwa 2.21 unapata densiti (uzito kwa ujazo) ya 10.04. Fedha 900 inatakiwa ije 10.31. Shaba ya njano huwa kwenye 8.5 hivi. Sasa hii 10.04 ni mnyama gani? Halafu ina ukungu mweupe usoni, na karibu na ukingo umeanza kuwa kijani.

#2 Kobe wa Mjini
Povu. Kiputo cha hewa kimejibanza chini ya sarafu, hasa kwenye ile michoro iliyochongoka. Tia tone moja la sabuni ya maji, rudia. Kesi imefungwa.

#3 Binti Kilwa
Kobe, kesi haijafungwa, piga hesabu kwanza. Sarafu ya gramu 22.18 ya fedha 900 ina ujazo wa mililita 2.15. Yeye kapata 2.21. Tofauti ni 0.06, sawa na milimita 60 za ujazo. Kiputo kimoja cha ukubwa huo kina kipenyo cha karibu milimita 5. Hicho kingeonekana hata na asiyevaa miwani. Vikiwa viputo vidogo vya milimita moja moja, vinatakiwa zaidi ya 110. Kasimama mbele ya glasi akapitwa na viputo 110?

Mleta uzi, tuambie umeining'iniza na nini. Aina ya uzi na umezungushaje.

#4 Mzani Mdogo
Uzi wa kufumia sweta. Nimeuzungusha msalaba kama zawadi ili isichomoke. Viputo sikuona.

#5 Fundi Vito
Jibu umelitoa mwenyewe. Uzi wa sweta una unene wa milimita moja hivi. Chukua sentimita 8 zilizozama: ni milimita 63 za ujazo. Tofauti ya Binti Kilwa ilikuwa 60. Yaani umepima sarafu pamoja na sweta. Uzi umeharibu uzi.

Tumia mshipi wa kuvulia, ule wa milimita 0.2. Sentimita 12 za mshipi huo hazifiki hata milimita 4 za ujazo, mizani yako haitauona. Kitanzi kimoja tu kwenye ukingo, kaza kidogo.

#6 Nukta Sifuri
Nyongeza kwa Fundi Vito: hata kama huna mshipi, kosa la uzi linaondoka kwa utaratibu tu. Lowesha uzi kwanza mpaka ushibe maji, utumbukize peke yake hadi kina kilekile utakachofikia na sarafu, hapo ndipo urudishe mizani sifuri. Kisha funga sarafu na uzamishe mpaka alama ileile. Wengi wanarudisha sifuri uzi ukiwa mkononi, halafu wanashangaa.

Na mkono usishike uzi. Funga kwenye kijiti kilicholazwa juu ya marundo mawili ya vitabu pembeni ya mizani. Mkono ukitikisika, maji yanatikisika, namba ya mwisho inacheza.

#7 Kobe wa Mjini
Mbona mnahangaika na maji? Apime unene kwa kalipa. Shaba ya njano ya uzito uleule lazima iwe nene zaidi. Hesabu rahisi.

#8 Binti Kilwa
Hesabu ni rahisi, kipimo ndicho kigumu. Ukigawa ujazo kwa eneo la duara la milimita 36, fedha 900 inakupa unene wa wastani wa 2.12, shaba ya njano 2.57, shaba yenye nikeli kwenye 2.45. Lakini kalipa inakaa juu ya mdomo wa ukingo, ambao umeinuliwa makusudi ili ulinde uso. Unapima mdomo, si wastani. Anayeghushi anaweza kukupa mdomo sahihi na uwanda uliovimba katikati, wala kalipa isijue.

#9 Mzani Mdogo
Nimerudia. Mshipi wa 0.2, tone la sabuni, kijiti juu ya vitabu. Mara tano: 2.17, 2.17, 2.18, 2.17, 2.16. Tuchukue 2.17. Densiti inakuja 10.22.

Imepanda, ila 10.31 haijafika.

#10 Fundi Vito
Asante kwa kurudia mara tano, wengi hupima mara moja wakaja kulia hapa. Kwa 10.22 shaba ya njano tuitoe, shaba yenye nikeli nayo tuitoe (8.9), chuma ilishatolewa na sumaku. Ghushi nyingi za sarafu hizi ni hizo tatu zikiwa zimepakwa fedha juu. Upo pazuri.

#11 Mwanamaji wa Nchi Kavu
Joto la maji je? Mnagawa kama vile maji ni gramu 1 kwa mililita kila mahali. Maji ya Dar mchana kwenye digrii 29 au 30 yana 0.996. Rekebisha.

#12 Nukta Sifuri
Rekebisha, ila ujue inakupeleka upande mbaya. 10.22 mara 0.996 ni 10.18. Badala ya kuikaribia 10.31 ndiyo inakimbia. Na 10.18 inaanza kunusa fedha 800, ambayo kwa hesabu ni 10.14.

#13 Mzani Mdogo
Sasa mnanitisha.

#14 Binti Kilwa
Usitishike bado. Mizani ya 0.01 haimaanishi ukweli wa 0.01. Kwenye uzito wa gramu mbili, juu ya glasi iliyokwisha kulemea kwa gramu mia mbili na zaidi, mizani nyingi za bei rahisi zinakosea 0.02. Jaribu hivi: glasi na maji yake juu, rudisha sifuri, weka jiwe la mizani la gramu 2 pembeni ya glasi. Ikisoma 2.02 au 2.03, hilo ndilo kosa lako na unalitoa kwenye kila kipimo.

Na punguza glasi. Kikombe chembamba cha plastiki chenye maji ya kufunika sarafu tu kinatosha. Kadiri mzigo unavyopungua ndivyo mizani inavyotulia.

#15 Fundi Vito
Mie naona tunasahau kitu. Nani ataghushi kwa fedha 800? Anayeghushi anataka chuma cha bei ya bure. Kutengeneza sarafu kwa fedha 800 ili kuokoa gramu mbili za fedha ni biashara ya mwehu. Ama ni halali na mizani inadanganya, ama ni mchanganyiko mwingine.

#16 Kobe wa Mjini
Mchanganyiko mwingine ndiyo huo: risasi. Risasi ina 11.34. Ukichanganya na bati (7.3) unaweza kupata 10.2 bila shida, ukapaka fedha juu. Hapo ndipo maji yanadanganyika.

#17 Binti Kilwa
Leo Kobe umenena. Ila risasi na bati ni laini, michoro midogo haikai, na mlio haupo. Weka sarafu juu ya ncha ya kidole, igonge ukingoni taratibu kwa penseli ya mbao. Fedha inalia na mlio unaning'inia, risasi inatoa "tup" kama kifuniko cha chupa. Usiidondoshe mezani tafadhali. Hizi zimegongwa chapa zikiwa na uso wa kioo, mkwaruzo mmoja unaonekana milele.

#18 Mtaa wa Pili
Samahani wakuu, mnaposema Jeshi la Udongo ni lile la Xi'an? Na kwenye sarafu wapo wangapi?

#19 Mwanamaji wa Nchi Kavu
Ndilo. Wakulima walikuwa wanachimba kisima Lintong, karibu na Xi'an, mwezi Machi 1974, wakakuta vipande vya udongo wa kuchoma. Ni karibu kilomita moja na nusu mashariki mwa kaburi la Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza wa China nzima, aliyefariki mwaka 210 kabla ya Kristo. Shimo namba 1 peke yake lina urefu wa mita 230 na upana wa 62. Makadirio ya askari ni karibu 8,000, na walio wengi bado wamefukiwa.

Sarafu za 1984 ni seti: za fedha nne, yuan 5 kila moja, zenye sanamu za jeshi hilo, na moja ya dhahabu ya yuan 100 yenye Qin Shi Huang mwenyewe. Ya mleta uzi ni ya mpiga upinde, wale waliopiga goti ambao wametoka shimo namba 2. Mkononi alikuwa na upinde wa mtambo. Mti uliooza umekwenda, mikono imebaki imeshika hewa.

#20 Nukta Sifuri
Na hapo ndipo pa kuangalia ghushi. Sanamu yenyewe: goti la kulia liko chini, la kushoto limenyanyuka, mikono yote miwili iko upande wa kulia wa mwili. Vazi la vita lina vibao vidogo vilivyopangwa kama magamba, na kila kibao kina vifundo vyake. Hadi soli ya kiatu cha nyuma mfinyanzi aliichoma alama za mshono, nyingi kisiginoni na vidoleni, chache katikati. Watu waliofinyanga namna hiyo, mchongaji wa sarafu naye huona aibu kulipua.

Sarafu iliyonakiliwa kwa kumimina ama kwa chapa iliyotolewa kwenye sarafu nyingine, vibao vya vazi vinaungana kama uji, na uwanda unakuwa na vipele. Lenzi ya mara kumi inatosha. Geuza pia upande wa pili: nembo ya taifa ina nyota tano, kubwa moja na ndogo nne. Zihesabu. Kama nyota ndogo ni vinundu visivyo na ncha, anza kuwa na wasiwasi.

#21 Mtaa wa Pili
Asanteni. Nasikia pia panga zao zilikuwa zimepakwa kromu, miaka 2,000 kabla ya Wazungu kuijua. Ndiyo maana hazikupata kutu.

#22 Mwanamaji wa Nchi Kavu
Hiyo ilivunjwa mwaka 2019. Wachunguzi walipima silaha nyingi wakakuta kromu ipo zaidi kwenye sehemu zilizogusana na mpini na ala. Ilitoka kwenye laka (utomvu wa mti, kama vanishi) iliyopakwa kwenye mti na kwenye sanamu, siyo kinga ya makusudi. Shaba nyeusi ya silaha ilihifadhika kwa sababu nyingine: kiasi cha bati ndani yake, namna ilivyopozwa, na udongo wa pale wenye chembe laini na usio na tindikali.

#23 Kobe wa Mjini
Laka hiyohiyo ndiyo iliyowavua rangi askari. Walipakwa nyekundu, kijani, zambarau. Ukifukua, hewa kavu ikiigusa, laka inajikunja ndani ya dakika chache na rangi inabanduka nayo. Ndiyo maana China haina haraka na waliobaki chini. Mmoja wa hawa waliopiga goti alitoka na uso wa kijani.

#24 Fundi Vito
Kama ukingo wa sarafu ya mleta uzi, haha. Turudi kwenye kijani hicho, maana ndicho cha hatari kuliko densiti.

Mzani Mdogo, ilikuwa imehifadhiwa kwenye nini? Kama ni mfuko wa plastiki laini unaonuka kama pazia jipya la bafuni, basi ni PVC. Plastiki hiyo ikichoka inatoa tindikali, tindikali inakula shaba iliyomo kwenye fedha 900, unapata utandu wa kijani unaonatanata. Ukiuacha unachimba.

#25 Mzani Mdogo
Ndiyo, mfuko laini. Unanuka hivyohivyo.

#26 Fundi Vito
Asetoni safi, ya duka la kemikali, siyo ya kutolea rangi ya kucha. Ile ina mafuta na manukato, itakuachia utandu mwingine. Vyombo viwili vya kioo, maana asetoni inayeyusha baadhi ya plastiki. Chombo cha kwanza dakika kumi, chombo cha pili suuza. Shika kwa ukingo tu. Usifute kabisa, hata kwa pamba: isimamishe iegemee kitu, ikauke yenyewe. Dirisha wazi, jiko limezimwa, hata sigara weka mbali. Asetoni haiumi fedha na haiondoi weusi, inaondoa plastiki, gundi na mafuta peke yake.

Na hiyo sabuni uliyotia kwenye maji ya kupimia, umeisuuza?

#27 Mzani Mdogo
Kwa maji ya bomba.

#28 Nukta Sifuri
Ndiyo hapo ukungu mweupe unapopata ndugu. Maji ya bomba ya pwani yakikauka yanaacha chumvi na chokaa, matone yanabaki kama ramani. Maji yaliyochemshwa yakakusanywa mvuke, yale ya betri yasiyo na tindikali, ndiyo ya kutumia mwanzo mpaka mwisho. Kisha asetoni iondoe maji.

#29 Binti Kilwa
Ukungu aliutaja kwenye #1 kabla ya bomba, kwa hiyo tusimsukumie bomba kila kitu. Kwa ukungu wa fedha kuna maelezo matatu na mie sijaona lililoshinda: plastiki ileile kabla haijafika hatua ya kijani, mabaki ya dawa ya kuoshea vipande kiwandani yaliyochomwa kwenye tanuru kabla ya kugongwa, hayo ndiyo madoa ya maziwa na hayatoki kwa asetoni, au chumvi ya hewa ya bahari inayogeuza fedha kuwa kloridi. Jaribio lipo: asetoni ikiutoa, ilikuwa plastiki. Usipotoka, mmebakiwa na mawili ya kubishania.

#30 Kobe wa Mjini
Dawa ya meno na mswaki laini, dakika moja inang'aa.

#31 Fundi Vito
Na dakika ya pili umenunua kisosi. Dawa ya meno ina mchanga laini, uso wa kioo unakuwa uso wa sufuria. Magadi na karatasi ya alumini nayo tusiitaje, inatoa weusi lakini uso unabaki umefifia. Mtu asiguse.

#32 Mtaa wa Pili
Swali la pembeni: sarafu za zamani za China zinaokotwa hata kwetu pwani, au ni hadithi?

#33 Mwanamaji wa Nchi Kavu
Zipo. Kajengwa, upande wa Makunduchi, Unguja, ilipatikana hazina ya sarafu za China mwaka 1945, nyingi za enzi ya wafalme wa Song. Kisiwani Manda, Lamu, mwaka 2013 ilitoka moja ya Yongle Tongbao, ya mfalme Yongle aliyetawala 1402 hadi 1424. Umbo ni lilelile la duara lenye tundu la mraba katikati, ambalo Qin Shi Huang ndiye aliyelisambaza China nzima kwa sarafu yake ya banliang, "nusu liang", liang ikiwa kipimo cha uzito. Kwa hiyo askari wa mleta uzi analinda bwana aliyezipatanisha sarafu.

#34 Kobe wa Mjini
Ya Manda ni ya merikebu za Zheng He, amiri wa majini wa mfalme Yongle. Safari zake zilianza 1405, na twiga wa Malindi alifika China 1415.

#35 Binti Kilwa
Inawezekana. Inawezekana pia ilipita mikono kumi, kutoka China hadi India, India hadi Ghuba, Ghuba hadi Lamu, kwenye jahazi la mfanyabiashara asiyemjua Zheng He. Sarafu inasema ilitengenezwa lini, haisemi ilipanda chombo gani.

#36 Nukta Sifuri
Mleta uzi, kama una mnunuzi wa dhahabu jirani mwenye mashine ya eksirei ya kupima madini, akupimie. Ila kumbuka inasoma ngozi ya juu tu. Kipande cha fedha 900 kikipashwa moto na kuoshwa kwa tindikali kiwandani, shaba ya juu inaondoka, kwa hiyo ikikuambia 93 au 95 usishangae. Ikisema 99 na hakuna shaba kabisa, hapo fikiria mpako.

#37 Mtaa wa Pili
Na thamani yake?

#38 Fundi Vito
Ikiwa halali, ndani mna gramu 20 za fedha tupu, 22.22 mara 0.9. Bei ya aunsi ya fedha ya siku hiyo gawa kwa 31.1, zidisha kwa 20. Hiyo ni sakafu. Zaidi ya hapo inategemea uso, na uso wenye kijani unauza kidogo kuliko wenye kioo.

#39 Mzani Mdogo
Mrejesho. Jiwe la gramu 2 pembeni ya glasi limesoma 2.01. Nikitoa hiyo 0.01, nabaki na 2.16, densiti 10.27 bila joto, 10.23 na joto. Asetoni imetoa kijani chote. Ukungu umepungua upande wa nembo, upande wa askari uko palepale. Mlio: unalia, ila si mrefu.

#40 Kobe wa Mjini
"Si mrefu" ni sekunde ngapi? Risasi hiyo.

#41 Binti Kilwa
Kidole kikigusa karibu na ukingo mlio unakufa hata kwa fedha safi. Weka katikati kabisa, rekodi kwa simu. Na 10.23 bado iko katikati ya 800 na 900, mizani yako haiwezi kuamua. Tafuta ya 0.001, kikombe kidogo, maji ya betri. Na leta picha ya lile vazi kwa lenzi ya kumi, taa ikipiga kutoka ubavuni, siyo juu.